Nukta Chini ya Gilasi

Kitale, 6 Machi 2004

Kwa mwanangu Sumeya, huko Uholanzi,

Assalaam alaikum. Natumai barua hii inakukuta mzima, na kama haikukuti mzima usinifiche, maana wewe tangu utotoni unasema huna neno hata homa ikitetemesha kitanda. Sisi huku tuko sawa. Mama yako Mulki anakusalimu sana. Mimi ni goti tu, tangu siku ile kule soko la Kwanza nilipoinua magunia mawili ya mahindi, moja kila bega, watu wakaacha kuuza na kununua wakabaki kunitazama. Daktari alisema lingekuwa goti la mtu mwingine lingepasuka.

Bahasha hii nimeifunga kwa gundi, na juu ya gundi nimepiga utepe, kwa sababu kuna karani mpya wa posta ambaye macho yake siyapendi. Ukikuta utepe umechanwa niambie.

Sasa, jambo lenyewe. Wazee wa Kanduyi walikuja Ijumaa baada ya swala, wameshika halwa na wamevaa kofia mpya. Mkubwa wao ni Mzee Naim. Akasema, "Sheikh Alwi, tumekuja kuomba."

"Kuomba nini?"

"Si wewe wajua."

"Mimi sijui kitu mpaka nikione."

Ndio wakatoa jina. Ati kijana wao Farid, yule mwenye duka la spea za baiskeli karibu na stadium pale Kanduyi, Bungoma, anakutaka, na ati wewe pia unamtaka, na mnaandikiana. Nikawapa chai. Nikawaambia tutaulizia, kama ilivyo desturi. Baba yako, ndugu yangu, Mungu amrehemu, aliniachia wewe ukiwa bado unapoteza kiatu kimoja kila wiki, na bila neno langu hakuna kadhi atakayefungua kitabu.

Lakini Sumeya, nimekaa nikawaza. Mtu anayenyoosha ringi za baiskeli za bodaboda anamtakia nini msichana anayepima nyota? Mmoja wenu anaficha kitu. Na hata hiyo kupima nyota, bana, wananiuliza hapa kwenye benchi la msikiti unafanya kazi gani hasa. Nimewaambia serikali ya Uholanzi imekupa funguo za darubini zote. Sasa nieleze mwenyewe, kwa sababu mimi nimekuwa dalali wa mahindi tangu kabla hujazaliwa, na sijaona kitu kinapimwa uzito bila kuwekwa kwenye mizani. Nina bambo langu, kile chuma cha kutoboa gunia uone kama ndani kuna mawe ama mahindi mabichi. Kisichotoboka hakijulikani. Wewe huko unatoboa nini?

Ukiolewa Bungoma, basi hapa nyumbani itakuwa... Ngoja kwanza nikwambie habari ya lori la Lodwar. Breki zilikatika juu ya mlima, nikalisimamisha kwa ndara yangu ya mguu wa kushoto. Ndara hiyo bado ninayo.

Nijibu upesi.

Ami yako,
Alwi


Leiden, 2 Aprili 2004

Kwa Ami Alwi,

Waalaikum salaam, Ami. Barua imefika, na utepe ulikuwa mzima. Nilihangaika kuufungua kuliko mwizi yeyote. Mimi sina homa. Baridi imepungua, juzi nilitoka bila glovu. Pole kwa goti. Ndara ya Lodwar mara ya mwisho ilikuwa ya mguu wa kulia.

Umeuliza vizuri, nami nitakujibu kama ulivyouliza.

Kuna galaksi, yaani mji mzima wa nyota, mbali kiasi kwamba mwanga wake ulianza safari kabla dunia haijawa na watu. Mbali zaidi, nyuma yake kabisa, kuna galaksi nyingine. Mwanga wa ile ya nyuma ukija kwetu lazima upite kando ya ile ya mbele. Hapo unapinda, kwa sababu kitu kizito huvuta hata mwanga. Ukitufikia hauko tena kama nukta. Umevutika ukawa kama upinde, na zikipangana sawasawa unakuwa duara zima. Mimi napima ule mpindo. Ukipinda sana, kilichoupinda ni kizito. Na namna ulivyopinda inanionyesha uzito umekaaje: umejaa katikati, au umetandaa nje mbali kuliko nyota zenyewe.

Kinachotushangaza ni hiki. Ukijumlisha nyota zote zinazoonekana pale, hazitoshi. Uzito ni mwingi kuliko kinachowaka. Kuna kitu hapo kisichotoa mwanga wala kivuli, na tunajua kipo kwa sababu tu ya kile kinachopita kando yake. Kukitoboa haiwezekani. Bambo letu ni huo mpindo.

Kama huamini, hapa chini nimechora nukta. Chukua gilasi ya chai yenye kitako kinene, iweke juu ya nukta, chungulia kutoka juu, uisogeze polepole.

●

Kuhusu Farid, Ami, namtaka. Tulisoma madrasa moja unakumbuka, yeye ndiye aliyekuwa akikaa karibu na mlango. Ni mtu wa maneno machache. Ulizia kama desturi, hiyo ni haki yako. Naomba tu uulizie kwa mizani iliyo sawa.

Mwanao,
Sumeya


Kitale, 11 Juni 2004

Kwa mwanangu Sumeya,

Salamu nyingi kutoka kwa watu wote wa benchi, ambao sasa wanakujua kuliko wanavyomjua mbunge. Afya njema. Goti linaendelea. Mama yako amepanda sukuma nyuma ya nyumba na kuku wa jirani wanaila, nami nashuku jirani mwenyewe anawafundisha.

Gilasi yako imefanya kazi. Ile nukta ilivimba, ikachanika, ikawa pete. Niliipeleka msikitini baada ya Alasiri, watu wakapanga foleni. Nikawaeleza kwamba jambo hili wewe umenifunulia mimi peke yangu, na kwa kweli mimi nilishaanza kulifikiria mapema. Hata Kipkemboi, yule mkulima wa kutoka Elgon, alikuwa ameleta mahindi, akachungulia akasema, "Hii ni gilasi tu, Alwi."

Nikamwambia, "Ni gilasi kwa mtu asiyesoma."

Sasa sikiza. Elimu yako nimeitumia. Nilijiuliza, huyu Farid nitamjuaje? Nikimtazama yeye, anawaka. Anatabasamu, anakaribisha chai, anasema ndiyo Ami, hapana Ami. Jamaa zake nao wanawaka. Basi nisimtazame yeye. Nitazame wanaopita kando yake, nione wanapindaje.

Nimekwenda Kanduyi mara kadhaa. Ng'ambo ya barabara, mkabala na duka lake, kuna kibanda cha chai cha mama mmoja anaitwa Sally. Hapo nikaweka kituo changu. Na Sumeya, nilichokiona hakikunifurahisha. Watu wanatoka upande wa stadium, wanakuja vizuri kwa miguu na kwa baiskeli, wanapita kwenye baraza ya maduka. Wakikaribia duka la Farid wanapinda. Wanakata barabara wanavuka. Si mmoja, si wawili. Wamama wenye vikapu, mabodaboda, hata mwalimu mzima wa sekondari na tai yake. Baiskeli zao zimepinda ringi, na wanampita fundi wa ringi.

Kuna kitu pale kisichoonekana. Sijui kama ni dawa za kienyeji, ama mali ya wizi, ama tabia. Lakini uzito upo.

Na wengine wanahusika. Wanaovuka wanakuja kukaa karibu na mimi, na wanauliza maswali. "Mzee, kwani Lodwar kulikuwaje? Mzee, yule ndovu alifanya nini halafu?" Wanajaribu kunipotezea lengo. Sally ndiye kiongozi. Kila nikifika ananiambia, "Kalibu mzee wa Kitale, leo umetuletea habari gani?" Mimi najua mtu anayepeleleza. Namjibu kirefu ili asishtuke.

Kwa hiyo nimemwambia Mzee Naim jambo lisimame. Akauliza sababu, nikamwambia sababu inaonekana kwa wenye elimu. Msikitini pia nimedokeza, kidogo tu, kwamba Kanduyi kuna kitu.

Usilie. Siku ya kukutoa ni mimi nitakayekaa mbele ya kadhi nikitamka jina lako, nikitoka pale nirudi nyumbani, na nyumba... Hapo nikakumbuka yule ndovu wa mapango ya Elgon, anayekuja kulamba chumvi. Nilimpima uzito wake kwa kutazama tu nyasi zilivyolala. Kwa hiyo unaona haya mambo ya kupima bila mizani yako damuni mwetu.

Ami yako,
Alwi


Leiden, 1 Julai 2004

Kwa Ami Alwi,

Salaam. Nimesoma barua yako nikaenda kutembea kando ya mfereji, nikarudi, nikaisoma tena. Afya yangu ni nzuri. Moyo wangu si mzuri.

Farid ameniandikia. Hakulalamika, hajui kulalamika. Ameniambia tu kwamba wateja wawili wamemuuliza ni kitu gani anauza chini ya meza, na kwamba Mzee Naim ameona aibu na anataka ombi lirudishwe kabla Ramadhani haijaingia. Kuna familia Mumias imeshamtajia binti yao. Likirudishwa, Ami, halitaletwa tena. Unawajua wazee wa Kanduyi.

Sasa nisikilize kuhusu elimu yangu, maana umeichukua nusu. Uzito hausukumi. Katika mbingu yote hatujaona uzito unaofukuza mwanga. Unavuta. Mwanga ukipita kando ya galaksi unajikunja kuielekea. Kama watu wa Kanduyi wanapinda wakiacha duka la Farid, basi uzito hauko dukani. Uko kule wanakopinda kwenda. Uko ng'ambo ya barabara.

Ami, ng'ambo ya barabara alikuwa ameketi nani?

Sisi hapa tukiona mpindo, kabla ya kuilaumu galaksi tunakichunguza kwanza chombo chetu. Huenda kioo cha darubini ndicho kilichopinda. Fanya hivyo. Muulize Sally kama siku ambazo hupo watu huvuka. Halafu siku moja kaa mahali pengine, utazame tena.

Mwanao,
Sumeya


Kitale, 2 Agosti 2004

Sumeya,

Salaam. Wote wazima.

Nilikwenda Kanduyi nikuonyeshe kwamba umekosea. Sikukaa kwa Sally. Niliingia dukani kwa Farid mwenyewe ghafla, bila hodi, kama tunavyoingia kwenye ghala la mtu tunayemshuku. Hakuwa na mali ya wizi. Alikuwa na spoku, tairi, grisi.

Lakini juu ya kaunta kulikuwa na gilasi ya chai. Chini ya gilasi kuna karatasi. Kwenye karatasi kuna nukta.

Nikamuuliza, "Hii ni nini?"

Akasema, "Ni Sumeya, Ami. Alinitumia mwaka jana. Ukiisogeza hivi inakuwa ringi."

Mwaka jana.

Mimi nimesimama mbele ya msikiti mzima wa Kitale nikasema jambo hili umenifunulia mimi peke yangu. Mimi ndiye mwandikiwa habari za nyota, kumbe napewa makombo ya fundi baiskeli. Nauliza ni mambo gani mengine aliyonayo yeye ambayo mimi sina. Nauliza na hii ya homa. Ulipougua mwaka jana, ulimwambia nani kwanza?

Wazee wa Kanduyi sitawajibu kitu. Wangoje.

Alwi


Leiden, 3 Septemba 2004

Kwa Ami yangu,

Salaam, na goti lako likoje? Safari hii hukulitaja. Hukutaja ndara wala ndovu, na hukusaini kama kawaida yako. Nimeogopa kuliko ningeogopa matusi.

Nitakwambia ukweli wote, kisha utaamua. Mwaka jana niliona duara kamili kwa mara ya kwanza kwenye skrini, mwanga wa galaksi ya nyuma umeizunguka ya mbele kama taji. Nilimwandikia Farid siku ileile, kwa sababu yeye kutwa anashika duara, nikajua ataelewa kazi ya kulinyoosha. Wewe sikukuandikia kwa sababu moja: ninachokuandikia wewe Jumatatu, Ijumaa kinajulikana Kitale nzima, nami sikuwa na hakika bado kama nimepima sawa. Ulipouliza, nilikuwa na hakika. Farid alipata habari ya kubahatisha. Wewe ulipata iliyohakikishwa. Na homa nilimficha yeye pia.

Lakini kuna jingine. Barua zako ninazo zote, Ami, na mimi kazi yangu ni kutazama vitu vinavyopinda.

Mwezi wa tatu ulianza kuandika, "Ukiolewa Bungoma, basi hapa nyumbani itakuwa," halafu sentensi ikapinda, ikaenda Lodwar. Mwezi wa sita ulikuwa unatoka kwa kadhi unarudi nyumbani, ukapinda tena, ukaenda kwa ndovu. Kila unapokaribia mahali pale pale, maneno yako hayapiti moja kwa moja. Kuna kitu pale katikati. Hakiwaki. Hujawahi kukitaja. Na kwa jinsi unavyopinda mbali, ni kizito sana, tena kimetandaa.

Sitakipa jina. Hata sisi huku kile chetu hatujakijua jina lake la kweli. Tunajua tu kwamba bila chenyewe nyota zisingeshikana.

Basi jambo la Farid sasa liko mikononi mwako. Ukisema hapana, nitakutii, na nitakuwa mwanao mwenye huzuni. Ila usikae kimya.

Mwanao,
Sumeya


Leiden, 27 Septemba 2004

Kwa Ami,

Salaam. Hujanijibu. Mama anasema kwenye simu kwamba unatoka asubuhi kwenda Bungoma na unarudi jioni huzungumzi, na kwamba mahindi ya Kwanza yameanza kununuliwa na wengine. Ananiuliza mimi kuna nini, nami namuuliza yeye.

Mzee Naim amesema wanakuja Kitale Ijumaa ya mwisho kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, kuchukua ombi lao. Farid hatakuja nao.

Sumeya


Kitale, 9 Oktoba 2004

Kwa mwanangu Sumeya, mpima galaksi, huko Uholanzi,

Assalaam alaikum warahmatullahi. Natumai u mzima, na kama una mafua niandikie mimi kwanza. Mimi niko imara. Goti limepona kwa dawa niliyoitengeneza mwenyewe, na Wahindi wawili wameniomba siri yake.

Nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa kazini. Uliniambia nichunguze chombo. Nimekichunguza. Nilimwambia Farid anitolee kiti, akanipa kreti ya soda, nikakaa ndani ya duka lake kuanzia asubuhi, nimetazama nje. Nilikuwa na shuka usoni nisijulikane. Mtu wa kwanza akapita, akachungulia. "Kumbe leo uko huku, mzee?" Akaingia. Wa pili akaingia. Mwalimu wa tai akaja na baiskeli, na kwa kuwa ameshafika akaona afadhali anyooshewe ringi akingoja nimalize habari ya Lodwar. Kufika saa sita baraza ilikuwa imejaa, na watu walikuwa wanavuka kutoka ng'ambo wanakuja kwetu. Mpaka Sally mwenyewe akaja ameshika birika. Akasema, "Mzee, umenihamishia soko. Ama urudi kwangu, ama uniambie chai niuzie wapi."

Nikarudia siku nyingine upande wa Sally, wakavuka kwenda kwa Sally. Nikarudia dukani, wakarudi. Nilijaribu hata kukaa mbali kabisa karibu na stadium. Wakanifuata huko. Siku ambazo sikwenda, Sally anasema kila mtu hupita njia yake. Na kwa Farid wanaingia na kutoka kama duka lolote.

Kwa hiyo mwambie profesa wako kwamba Kitale kuna mtu ambaye uzito wake unaonekana kutoka Kanduyi. Mimi nilikuwa nashuku hivyo tangu zamani.

Farid bado simwamini sana. Mtu anayenyamaza namna ile lazima ana kitu. Nikamuuliza siku ya mwisho, tukiwa peke yetu, amegeuza baiskeli miguu juu anazungusha tairi na kulisikiliza. Nikamwambia, "Kijana, sema. Unaficha nini?"

Akaendelea kuzungusha. Akasema, "Ninaficha kwamba nakuogopa, Ami."

"Unaniogopa kwa nini?"

"Kwa sababu Sumeya akiandika barua, ukurasa mzima ni wewe."

Ukurasa mzima. Nilimwomba anionyeshe, akakataa. Hapo ndipo nilipoona anaweza kuwa mume.

Ijumaa wazee walikuja na kofia zao. Mzee Naim akaanza, "Sheikh Alwi, tumekuja kurudisha." Nikamwambia arudishe neno lake mfukoni, kwa sababu mimi nimeshakubali na yeye amechelewa. Akauliza, "Na kile kitu ulichokiona dukani?" Nikamwambia kilikuwa mimi. Na leo baada ya swala nimewaambia hivyo hivyo watu wa benchi, kwa sauti, mpaka Kipkemboi aliyekuwa anapita akacheka hadi akashika ukuta.

Utakuja Desemba, tutakwenda kwa kadhi. Nina masharti. Farid aweke benchi kwenye baraza yake, benchi la mbao ngumu, mimi nikija Kanduyi nisikae kwenye kreti ya soda. Na barua zako, hata ukiwa mke wa mtu, ziendelee kuja sanduku langu la Kitale, kwanza. Huko Bungoma sijui ni nani anayeshika bahasha za watu, sijamchunguza.

Hilo jambo la barua zangu kupinda nimelisoma. Sina la kusema juu yake. Niliwahi kuendesha trekta kule Kwanza lililokuwa linavuta upande mmoja, nikalima nalo msimu mzima na mistari ikatoka sawa.

Sasa chukua gilasi. Umeniambia kwamba cha nyuma huonekana kikiwa kimekizunguka cha mbele. Huyu Farid atakaa mbele, hiyo ni haki yake, nami nitasogea nyuma. Nimechora hapa chini kwa kalamu ya kutilia alama magunia, maana hiyo haifutiki.

●

Ni mimi huyo. Isogeze polepole.

Ami yako,
Alwi